Maswali Matatu Yaliyopotea Njiani

Sebuleni kwa marehemu, mezani palikuwa na viti viwili na kikombe kimoja. Inspekta aliviandika hivyo hivyo katika daftari lake, maana alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona hata kama hajui kitamfaa nini. Kituoni walimwita Kobe. Wenzake wakimaliza kesi mbili, yeye bado anahesabu madirisha ya ile ya kwanza, na akitaniwa hujibu kwamba polepole ndio mwendo, kisha anaendelea kuhesabu.

Leo, hata hivyo, Kobe alikuwa amewekewa saa. Mkuu wake alimwambia asubuhi bila kuinua macho kwenye chai: faili liwe mezani saa kumi jioni, kesho nesi anapanda kizimbani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mwalimu mstaafu wa hisabati, mgane wa miaka sabini na minne, mgonjwa wa kisukari, alichomwa sindano ya insulini Jumatano asubuhi na nesi anayewatembelea wagonjwa majumbani. Alasiri jirani alimkuta kitandani, amekwisha kupoa. Daktari wa maiti akasema sukari ilishuka mpaka ikamuua. Nesi hakukana kuchoma. Alisema tu kwamba dozi ile aliitilia shaka mara tatu, kwa maandishi, na maandishi hayo hayakuonekana popote.

Binti wa marehemu alikuwa amesimama dirishani. Alitoka mji wa mbali siku tatu zilizopita, na bado alikuwa na koti la safari mwilini, kama mtu asiyejua kama anakaa au anaondoka.

"Afande, hii mara ya tatu mnakuja hapa," alisema. "Mnatafuta nini? Aliyemchoma baba si mnaye?"

"Tunaye, dada. Natafuta karatasi tatu."

"Na usipoziona?"

"Basi nesi atakuwa amesema uongo, na kesho ataanza kuulipia."

"Amesema uongo. Mtu akiona dawa imezidi, haichomi. Hata mimi nisiyejua kitu nisingechoma."

Jambo hilo lilikuwa linamkera hata Inspekta tangu Jumatano.

Alilitoa faili la mgonjwa kwenye msumari nyuma ya mlango na kulifungua mara nyingine. Kampuni ya wauguzi iliyomwajiri nesi ilikuwa na utaratibu wake. Kila mgonjwa hukaa na faili nyumbani. Daktari huandika agizo ofisini, tarishi hulipeleka, nesi hulitekeleza na kujaza vipimo. Ijumaa karatasi za wiki hutiwa katika bahasha, na tarishi huirudisha ofisini. Nesi akiwa na shaka na dawa, hujaza karatasi ya njano, karatasi ya swali, nayo hutiwa katika bahasha hiyo hiyo. Kumpigia daktari simu ni marufuku. Ofisi ilisema simu haina ushahidi.

Maagizo yalikuwapo matatu, wiki baada ya wiki: yuniti kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na sita. Vipimo vya sukari vya kila asubuhi vilikuwapo pia, vimeandikwa kwa mwandiko wa nesi ulionyooka. Kumi na saba. Kumi na tisa. Ishirini na moja. Kwa vipimo hivyo daktari yeyote angeongeza dawa. Karatasi za njano hazikuwamo. Kitabu cha karatasi hizo kilikutwa katika mkoba wa nesi, kina namba, na karatasi tatu zimechanwa. Mkuu alipoonyeshwa alisema hata yeye anaweza kuchana karatasi tatu.

Inspekta aliingia jikoni. Bomba lilikuwa kavu; mtaa mzima ulikuwa haujapata maji mwezi sasa, na ndoo moja iliyofunikwa kwa sahani ilikuwa pembeni. Juu ya meza ndogo palikuwa na kikapu cha machungwa, mengine yameanza kusinyaa, na kisu chembamba kando yake.

"Baba alikuwa anapenda machungwa?" aliuliza kwa sauti.

"Baba?" Binti alikuja akasimama mlangoni. "Yalikuwa yanamletea kiungulia tangu mimi mdogo. Labda alikuwa anawapa wageni."

"Wageni gani?"

Binti alifikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji, kisha akasema hajui.

Inspekta akaandika: machungwa, kiungulia, wageni hawajulikani.

*

Daktari wa kampuni alikuwa anakula peke yake mezani, wali baridi katika bakuli la plastiki, huku mkono wa kushoto unatia saini. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tatu na dirisha lilitazama ukuta. Nyuma yake palikuwa na rafu ya mafaili, kila moja na namba mgongoni.

"Wagonjwa mia mbili na kumi," alisema alipoona Inspekta anayahesabu. "Kama kumi hivi ndio nimewahi kuwaona kwa macho. Waliobaki nawajua kwa namba."

"Karatasi za njano kutoka kwa mwalimu yule. Zilikuja ngapi?"

"Hazikuja."

"Hata moja?"

"Hata nusu. Sanduku la karatasi hizo lile pale, kafungue mwenyewe."

Inspekta alilifungua sanduku. Lilikuwa na karatasi nne za njano, zote za nyumba nyingine. Akarudi kukaa. "Na kama ingefika?"

Daktari aliweka kijiko chini. "Ningeagiza damu ya mshipa ipelekwe maabara siku hiyo hiyo. Nesi yule ana miaka kumi na tisa kazini. Akiniambia mtu hafanani na vipimo vyake, namwamini yeye, siamini vipimo. Lakini hakusema kitu. Nikaona amenyamaza, nikajua amekubali."

Inspekta alikuwa na maelezo ya nesi mfukoni na hakuhitaji kuyatoa. Aliyajua kwa moyo. *Agizo lilirudi na dozi kubwa zaidi na saini yake. Nikajua amesoma swali langu na amelikataa. Yeye ndiye daktari.* Wiki tatu nzima watu hawa wawili walikuwa wanangojana, kila mmoja akiuchukua ukimya wa mwenzake kuwa ndilo jibu. Inspekta aliona uchungu kwa ajili ya wote wawili, lakini uchungu hauingii kwenye faili, kwa hiyo akatoa karatasi iliyofika asubuhi kutoka hospitali.

"Hiki ni kipimo cha damu ya marehemu. Cha sukari ya miezi mitatu. Nisomee."

Daktari alisoma, akarudia. Akavua miwani akaifuta kwa shati, akasoma tena.

"Hii ni sukari ya mtu anayejitunza vizuri," alisema polepole. "Haiwezekani. Mtu mwenye kumi na tisa kila asubuhi hawezi kuwa na hii. Mashine yake mbovu."

"Mafundi wameipima. Nzima. Na nesi alileta ya pili kutoka ofisini, nayo ikasema hivyo hivyo. Hiyo pia nzima."

"Nesi alibuni namba."

"Mashine ina kumbukumbu, daktari. Zinalingana na alizoandika, moja kwa moja."

Daktari alisogeza bakuli kando. Wali wake uliendelea kupoa ingawa haukuwa na moto wowote wa kupoteza.

"Dawa ile hufanya kazi kwa muda gani mwilini?" Inspekta aliuliza.

"Siku nzima, na usiku wake."

"Na sukari ya kijiko, mtu akiila?"

"Hiyo haikai. Saa mbili hivi, imekwisha." Alimtazama. "Kwa nini unauliza?"

"Sijui bado. Naweza kuziona bahasha?"

Ofisi ile haikutupa kitu. Bahasha za Ijumaa tatu zilitolewa kabatini zimepigwa mhuri wa tarehe, na Inspekta alizipanga mezani pamoja na za nyumba nyingine. Za wengine zilikuwa safi. Tatu za mwalimu zilikuwa na madoa ya hudhurungi kwenye mdomo, karatasi imejikunja pale ilipolowa ikakauka. Mtu alikuwa amezishika kwa mikono iliyolowa kitu. Inspekta alifikiri anajua: mtu alizifungua njiani, akatoa karatasi za njano, akabandika upya kwa gundi yake mwenyewe. Na aliyekuwa njiani ni mmoja tu.

*

Tarishi alikuwa chini, kwenye chumba cha pikipiki, amekaa juu ya kreti na kushona mkanda wa mkoba. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alipoonyeshwa kitambulisho alisogeza kreti la pili kwa mguu.

"Karibu, kijana wangu. Nimekuwa nakungoja. Nilijua kila mtu akishakwepa, kesi itashuka ngazi mpaka kwangu."

"Bahasha za mwalimu zilifunguliwa, mzee."

"Zilifunguliwa. Lakini si na mimi. Miaka thelathini nabeba barua za watu, sijawahi kufungua hata za mke wangu, na zile nilikuwa na sababu."

"Nani, basi?"

Tarishi alikata uzi kwa meno. "Nyumba nyingine nesi anabandika bahasha, anaiacha mlangoni, mimi nachukua nakwenda. Kwa mwalimu haikuwa hivyo. Kila Ijumaa nilimkuta mwenyewe kizingitini, ameishika. Anaitazama, ananiambia, ngoja mzee mwenzangu, huyu nesi amesahau kubandika vizuri. Anaingia nayo ndani. Anatoka nayo imebandikwa."

"Ijumaa zote tatu?"

"Zote. Mikono inanata. Maana alikuwa ananimenyea chungwa, unaona, ili nikae. Nilikaa mara moja, dakika tano. Alinieleza habari za pembe tatu. Mimi pembe tatu ziliniacha darasa la sita." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mara mbili zilizofuata nikamwambia nina nyumba kumi na tisa mbele yangu. Ningeweza kukaa, kusema kweli. Dakika tano haziozi."

"Yeye alilila hilo chungwa?"

"Hata kipande. Alimenya tu, juisi inamtiririka mpaka kwenye viwiko. Nikadhani ni uzee."

Inspekta alisimama ghafla hata kreti likaanguka. Wenzake kituoni wangeshangaa kumwona Kobe anapanda ngazi mbili mbili. Ilikuwa saa saba na robo.

*

Binti wa marehemu alifungua mlango akiwa na fagio mkononi. Inspekta aliomba maji kidogo ya ndoo na sabuni, na kwa kujisahau akaomba hata mashine ya kupimia sukari, ambayo mwenyewe alikuwa amekuja nayo katika mfuko wa vielelezo.

"Nisaidie, dada. Nataka unichome kidole."

"Mimi?"

"Mimi sindano siziwezi."

Alinawa mikono vizuri kwa maji na sabuni, akaikausha. Kisha afisa huyu, ambaye mwaka juzi alimnyang'anya mtu panga kwa mikono mitupu, aligeuza uso ukutani. Binti alimchoma. Tone la damu likagusa karatasi ya kipimo, na mashine ikahesabu: tano nukta nne.

"Mzima," alisema binti.

"Sasa ngoja."

Inspekta alichukua chungwa kikapuni akalimenya kwa vidole, bila haraka, mpaka maji yake yakamlowesha kiganja chote. Akaliweka kando. Hakula. Akangoja vidole vikauke, kisha akachukua pamba ya spiriti, akafuta kidole mara moja, kama manesi wanavyofanya, na akakinyoosha. Binti alichoma kidole cha pili. Mashine ilihesabu.

Kumi na nane nukta tisa.

"Umekula nini?" binti aliuliza.

"Umeniona. Sijala kitu." Alinawa tena kwa sabuni, akachomwa cha tatu. Tano nukta sita. "Spiriti inaua wadudu, dada, lakini sukari ya tunda haiitoi. Inatolewa na maji. Nesi amesema katika maelezo yake kwamba siku zote alimsafisha kidole kwa pamba, kwa sababu bomba ni kavu na aliona haya kumpotezea mzee maji ya kunywa. Sikulitilia maanani. Nilidhani ni maneno ya kujaza ukurasa."

Binti alikuwa anamtazama lakini hakuwa amefika kwenye jibu. Alikuwa anakaribia na hakutaka.

"Unasema baba alikuwa anamdanganya nesi."

"Kila asubuhi kabla hajafika. Na nesi alihisi kitu, akauliza kwa maandishi. Baba yako akaziona hizo karatasi kabla hazijatoka. Swali moja: baba alikuwa anaweka wapi kazi za wanafunzi? Alizokwisha kusahihisha."

"Kabatini, mtoto wa juu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hakuwahi kutupa kazi ya mtu. Alisema karatasi ya mtu ni jasho lake."

Droo ile ya juu ilikuwa imejaa, na kila kitu kimepangwa kwa miaka. Karatasi tatu za njano zilikuwa juu kabisa, zimeshikwa kwa pini. Inspekta alizisoma akiwa amesimama.

*Vipimo vinasema kumi na saba lakini mgonjwa hana kiu na hakojoi usiku. Naomba kuuliza kama tuongeze dawa.* Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ya pili ilisema mashine mbili zimetumika na zimekubaliana, lakini uzito wa mgonjwa haujapungua hata kidogo. Ya tatu ilikuwa fupi: *Naogopa dozi hii. Mtu huyu hafanani na namba zake. Naomba damu ya mshipa kabla ya kuongeza. Tafadhali nijibiwe.*

Chini ya kila moja palikuwa na wino mwekundu. Kwenye ya kwanza mwalimu aliweka alama ya vema na kuandika *Vizuri*. Kwenye ya pili, *Vizuri sana*. Kwenye ya tatu aliandika *Umepata*, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Nyuma ya karatasi ya tatu palikuwa na hesabu, kwa mkono ule ule. Yuniti kumi na mbili, vijiko viwili. Yuniti kumi na nane, vijiko vinne. Yuniti ishirini na sita, vijiko sita, na alama ya kuuliza.

"Vijiko vya nini?" binti aliuliza begani kwake.

"Vya sukari. Alijua dawa imezidi. Nesi akishaondoka alikuwa anaifidia. Kwa dozi mbili za kwanza hesabu yake ilimvusha." Inspekta alitafuta namna ya kulisema vizuri, akakosa. "Sukari ya kijiko haikai mwilini zaidi ya saa mbili. Dawa inakaa siku nzima. Jumatano alikula vijiko vyake saa nne, akalala mchana."

"Lakini kwa nini?" Hili alilisema kwa hasira, kama anamuuliza baba mwenyewe. "Mtu mwenye akili zake, kwa nini?"

Inspekta alirudi sebuleni akalifungua faili upande wa ndani wa jalada, pale ambapo kampuni ilipiga chapa masharti yake kwa herufi ndogo. Aliyasoma mwenyewe siku ya kwanza na kuyapita. Akaweka kidole ili binti asome. *Sukari ikiwa chini ya kumi kwa wiki mbili mfululizo, muuguzi atamtembelea mgonjwa mara moja kwa wiki. Ikizidi kumi na tano, atamtembelea kila siku, kwa muda usiopungua nusu saa.*

Binti alisoma. Akavuta kiti akakaa, na koti lake likajikunja chini yake bila yeye kujali.

"Jumapili nikimpigia nilikuwa namuuliza, baba, uko sawa huko peke yako?" alisema. "Mwezi huu wote alinijibu, usijali mwanangu, siku hizi nina mgeni kila siku. Nikafurahi. Nikaona basi, nina nafasi ya kupumua." Alijifuta macho kwa kiganja. "Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote, afande. Sasa nimpelekee nani?"

"Sijui, dada. Ningekuwa najua ningekuambia."

Akamwandikia hati ya kuzipokea karatasi zile, akamwonyesha pa kutia saini. Binti alisaini. Alipofika mlangoni Inspekta aligeuka akamwambia chai ikiwa ipo angerudi jioni kuinywa, kazi ikiisha. Binti alitikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyeona ajabu.

*

Nesi aliletwa kutoka mahabusu saa tisa na dakika ishirini, miguuni kandambili kwa sababu viatu vya kamba huchukuliwa mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, na alikaa mbele ya meza mikono imefumbatana. Kabla hajaulizwa alitaka kujua kitu.

"Bibi wangu wa ghorofa ya pili, yule wa kidonda. Kuna mtu amekwenda kumfunga bandeji?"

"Sina habari, dada. Nitauliza."

"Wanamsahau kwa sababu halalamiki."

Inspekta aliweka zile karatasi tatu za njano mbele yake. Nesi aliziangalia bila kuzigusa. Kisha akasogeza ya tatu kwa kidole kimoja, akasoma wino mwekundu.

"Huu ni mwandiko wa Mwalimu."

"Ndiyo. Hazikuwahi kutoka nyumbani kwake. Daktari hakukukataa. Hakujibu kwa sababu hakuulizwa."

Akamweleza yote, kwa utaratibu, kama anavyoandika: machungwa, pamba ya spiriti, bahasha zenye madoa, mtoto wa kabati, vijiko. Alimwambia kwamba ndani ya faili ameandika pia habari ya ofisi inayozuia watu kupigiana simu, na hilo watalijibu wenyewe. Nesi alisikiliza bila kumkatisha. Inspekta alipofika kwenye masharti ya jalada, jinsi sukari ikipanda nesi huja kila siku, mwanamke yule aliinamisha kichwa.

"Maelezo yako yamethibitika neno kwa neno," Inspekta alimalizia. Alisogeza karatasi ya maelezo ya nyongeza na kalamu. "Ulishuku, uliuliza, ulifuata utaratibu. Kwa hili Mkuu hana mashtaka ya kupeleka. Saini hapa, urudi nyumbani."

Nesi hakuichukua kalamu.

"Afande, kuna kitu sikukisema. Hamkuniuliza, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau mpaka dakika hii."

"Sema."

"Mwezi juzi sukari yake ilikaa sawa. Nikafurahi, nikampa mkono. Nikamwambia, Mwalimu, umefaulu, kuanzia sasa nakuja Jumatatu tu. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Akaniuliza, sasa wewe nitakuona lini? Nikamwambia Jumatatu, si nimesema. Akasema, Jumatatu mbali." Aliitazama ile karatasi ya tatu. "Mimi nawatania wazee wangu wote. Usipowatania wanakufa kabla ya siku zao. Nikamwambia, basi, ukinikumbuka sana, pandisha sukari, nitakuja mbio."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaosha gari la polisi, na maji yalisikika yakimwagika kwenye saruji.

"Akacheka," alisema nesi. "Tukacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshausahau utani huo kabla sijafika kituo cha basi. Yeye aliingia nao ndani."

Inspekta aliiweka kalamu yake chini. "Huo ni utani, dada. Hakuna kifungu cha sheria kinachohusu utani."

"Uandike."

"Nikiuandika, kampuni itaushika. Watasema wewe ndiye uliyemfundisha. Nimetoka kukuondolea mzigo, unaukimbilia tena."

"Afande." Aliinua macho, na yalikuwa makavu sasa. "Nimeandika wiki tatu vitu ambavyo aliyepaswa kuvisoma hakuvisoma. Hili lisomwe."

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro robo. Inspekta alitumaini mwanamke yule atabadili nia, na hakubadili. Akavuta karatasi akaandika utani ule kama ulivyotamkwa, na mlango, na Jumatatu mbali, na kicheko. Alipomaliza akamsomea kwa sauti.

Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Alisema mahali palipoandikwa *nikacheka* pasahihishwe, paandikwe *tukacheka*. Inspekta akasahihisha. Nesi akachukua kalamu, akasaini.